Kwa Nini Injini ya Pikipiki Huzimika Ghafla Safarini?

Katika kata ya Mtoni, wilayani Temeke, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, pikipiki imekuwa chombo cha lazima. Huwatoa abiria katika mitaa ya ndani, isiyofikiwa na daladala, na kuwafikisha katika Barabara ya Kilwa. Hubeba mizigo ya sokoni, na usiku huwabeba wagonjwa. Tangu mwaka 2010, Serikali ilipotunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo, kazi hiyo imetambuliwa kisheria, na vijana wengi huitegemea kwa riziki yao.

Kwa dereva wa namna hiyo, injini inayozimika ghafla njiani ni hatari, kwa kuwa nyuma yake huenda lipo lori lenye shehena. Tena ni hasara. Mara nyingi matengenezo hufanywa kwa kubahatisha: leo hununuliwa plagi, kesho koili, keshokutwa kabureta, na ugonjwa hubaki palepale. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fizikia ifundishwayo katika shule zetu za sekondari yatosha kumwongoza mtu hadi kwenye chanzo cha hitilafu kabla hajatumia hata shilingi moja.

Mahitaji matatu ya injini

Pikipiki nyingi za biashara hutumia injini ya silinda moja yenye mipigo minne, ya aina ile ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliifanikisha mwaka 1876. Pistoni huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza, cheche huuwasha, kisha moshi hutolewa nje. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, mchanganyiko huo hauna budi kuwaka mara 50 katika kila sekunde.

Ili jambo hilo litendeke, yahitajika mambo matatu. La kwanza ni mchanganyiko ulio sawa, yaani takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. La pili ni cheche yenye nguvu, tena kwa wakati wake. La tatu ni mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Injini iliyozimika imekosa mojawapo ya haya. Kazi ya mchunguzi ni kuuliza: limekosekana lipi?

Jinsi injini inavyokufa

Ushahidi wa kwanza hupatikana kabla pikipiki haijasimama. Mafuta yana akiba. Umeme hauna akiba.

Chini ya kabureta kuna bakuli dogo lenye boya. Petroli ikikatika kutoka kwenye tanki, injini huendelea kunywa ile iliyomo bakulini. Tuchukue mfano wa pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita 1. Ikiwa bakulini zimesalia mililita 20, pikipiki yaweza kwenda kilomita 1 zaidi. Kina cha petroli kinapopungua, mchanganyiko huwa na hewa nyingi mno. Injini hupoteza nguvu, hukohoa, hushtuka, kisha hunyamaza. Umeme ukikatika, hali ni tofauti kabisa. Hakuna bakuli la kuhifadhi cheche. Injini hunyamaza mara moja, kama taa iliyozimwa kwa swichi.

Iko namna ya tatu, nayo ni mbaya kuliko zote. Injini hutoa mlio wa chuma, joto huzidi, na gurudumu la nyuma hujaribu kujifunga. Hapo pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, aghalabu kwa kukosa oili. Dereva na abane klachi papo hapo ili gurudumu liwe huru, kisha ajivute kushoto nje ya barabara. Injini ya namna hiyo isilazimishwe kuwaka tena.

(Maelezo haya yanahusu pikipiki zenye kabureta. Zile zinazopuliziwa petroli kwa pampu ya umeme hazina bakuli wala boya, na umeme ukikatika hukosa mafuta na cheche kwa pamoja.)

Magonjwa mawili yanayofanana

Ipo hitilafu moja inayowasumbua madereva wengi. Pikipiki huondoka Mtoni kwa Azizi Ali ikiwa nzima kuelekea Mbagala. Baada ya kilomita chache huzimika. Dereva hupumzika kivulini kwa nusu saa, hupiga kiki, injini huwaka, na safari huendelea kwa kilomita nyingine chache. Tanki lina mafuta, plagi ni mpya. Kuna nini?

Chanzo cha kwanza chaweza kuwa tundu dogo la hewa lililomo katika kifuniko cha tanki. Kila mama wa nyumbani anajua kwamba kopo la maziwa lenye tundu moja halimimini vizuri; sharti litobolewe tundu la pili ili hewa iingie. Tanki la petroli ni kopo la namna hiyo. Vumbi na kutu vikiziba tundu la kifuniko, petroli hutoka, hewa haiingii, na kanieneo ndani ya tanki hushuka.

Hebu tufanye hesabu. Petroli hushuka kwa uzito wake wenyewe. Ikiwa uso wake uko sentimita 20 juu ya kabureta, na densiti yake ni kilogramu 740 kwa mita moja ya ujazo, kanieneo inayoisukuma ni 740 × 9.8 × 0.20, yaani paskali 1,450 hivi. Kanieneo ya angahewa ni paskali 101,000 hivi. Kwa hiyo kanieneo ya hewa iliyofungiwa ikipungua kwa sehemu 1.4 tu katika 100, petroli husimama. Kwa kanuni ya Boyle, ikiwa juu ya petroli kuna lita 4 za hewa, mililita 58 zikishatoka mtiririko hukoma. Kwa pikipiki yetu hizo ni kilomita 3 hivi, pamoja na ile 1 ya bakulini. Mvuke wa petroli huchangia sehemu ya kanieneo ile, hivyo umbali halisi huwa mkubwa zaidi, lakini kanuni ni ileile. Hesabu hii inatabiri pia jambo la ajabu: tanki likijaa, hewa iliyomo ni kidogo, kwa hiyo pikipiki itazimika mapema zaidi. Ndiyo maana dereva aliyetoka kujaza mafuta hawezi kuamini kwamba injini yake inakufa kwa kiu. Akipumzika, hewa hupenya polepole, na injini huwaka tena.

Chanzo cha pili chaweza kuwa koili. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara na kufunikwa kwa kihami. Waya ukiwa na ufa usioonekana, au kihami kikiwa kimechoka, joto la safari hutanua sehemu hizo na njia ya umeme hukatika. Injini ikipoa, waya hugusana tena na cheche hurudi.

Basi tunaona kwamba kupumzika huponya magonjwa yote mawili. Kwa hiyo kupumzika si kipimo. Kipimo sharti kiponye kimoja na kuacha kingine. Mara tu injini inapozimika, bila kungoja ipoe, dereva na afungue kifuniko cha tanki. Ikisikika hewa ikivutwa ndani, na injini ikiwaka baada ya dakika moja au mbili ambazo bakuli linajaa, tundu la hewa limeziba. Dawa yake ni kulizibua. Ikiwa hakuna badiliko lolote, na apime cheche injini ikiwa bado moto, kisha aipime tena ikiwa imepoa. Cheche iliyopotea wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi huishuhudia koili, au kifaa kinachoipelekea ishara.

Utaratibu wa uchunguzi

Anza na yaliyo rahisi. Je, swichi ya kuzimia injini imeguswa? Je, koki ya mafuta iko wazi, na imejaribiwa upande wa akiba? Je, stendi ya pembeni imeshuka? Katika baadhi ya pikipiki stendi hiyo hukata umeme.

Kisha fungua plagi na uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na shaka iko kwenye cheche. Ikiwa kavu baada ya kupiga kiki mara kadhaa, mafuta hayafiki. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta yaliyozidi hewa, pengine kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi.

Ili kupima cheche, ivike plagi kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, kisha piga kiki. Jihadhari: funga kwanza kifuniko cha tanki, futa petroli iliyomwagika, na usiruhusu mtu avute sigara karibu. Kumbuka pia kwamba hewa iliyogandamizwa hupitisha cheche kwa shida zaidi. Cheche dhaifu yenye rangi nyekundu yaweza kuonekana nje lakini ikashindwa kuruka ndani ya silinda.

Mwisho, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge petroli katika chupa safi ya kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujitenga na kukaa chini. Na kwa kuwa kabureta hunyonya kutoka sehemu ya chini ya bakuli, maji machache yatosha kuizima injini. Hitilafu hii huwapata zaidi wanaonunua petroli ya chupa kando ya njia, hasa wakati wa masika.

Neno kwa walimu

Somo hili laweza kufundishwa kwa kopo, maji na msumari. Wanafunzi watoboe tundu moja chini ya kopo lenye kifuniko kinachobana, waone maji yanavyokoma, kisha watoboe kifuniko. Warudie kopo likiwa limejaa, halafu likiwa nusu, na kupima maji yaliyotoka kila mara. Watakuwa wamethibitisha kanuni ya Boyle. Watakuwa pia wamejifunza tabia impasayo fundi na mtafiti sawia: kutobadilisha kitu chochote kabla ya kuuliza swali ambalo jibu lake litawaonyesha njia. Dereva mwenye tabia hiyo hulala na fedha yake mfukoni, wala hasukumi pikipiki usiku katikati ya malori.