Dodoso Lipi la Kumpima Anayeuguza Nyumbani?

Anayemuuguza mama mwenye kiharusi, au baba aliyeanza kusahau hadi majina ya wanawe, huulizwa hali ya mgonjwa mara kumi kabla hajaulizwa hali yake mwenyewe. Madodoso mafupi yametungwa ili aulizwe na yeye. Shida ni kwamba katibu wa kikundi cha wanaouguza au mganga wa zahanati anayetafuta la kutumia huangalia urefu wa karatasi na bei yake, basi. Angeanza na hili: anataka kujua mzigo ni mzito kiasi gani, au mwenye mzigo anaubeba vipi?

Kwa uzito wa mzigo, linalojulikana zaidi ni la Steven Zarit na wenzake wa Marekani. Lilianza mwaka 1980 na maswali 29, sasa yamebaki 22, kila jibu kati ya 0 na 4, jumla 88. Lipo pia la maswali 12, la mwaka 2001, na kwa kikundi cha kawaida hilo linatosha. Lakini lina mwenyewe: huombwa kwa maandishi, na anayelitumia kibiashara hulipia. Tena lile la maswali 22 linauliza mambo ya ndani, kama vile iwapo unatamani mtu mwingine achukue kazi hii. Mkwe akiulizwa hayo mbele ya mawifi, atajibu "hapana, kamwe", na karatasi itasema hana mzigo wowote.

La Betsy Robinson, la mwaka 1983, ni rahisi zaidi: maswali 13 ya ndiyo au hapana, kuhusu usingizi, fedha, kazi, mwili kuchoka. Ndiyo 7 au zaidi, mtu ameelemewa. Asiyejua kusoma husomewa akajibu huku anachambua mboga. Kasoro yake ni kuwa aliyekosa usingizi kidogo na asiyelala kabisa wanapata alama ileile. Toleo la mwaka 2003 lilirekebisha hapo kwa kuweka majibu matatu, jumla 26. Kati ya yote, hili ndilo ningelinunua, kama lingekuwa linauzwa sokoni.

Kwa namna ya kuubeba mzigo, kuna Brief COPE ya Charles Carver, 1997. Haina malipo. Ina maswali 28 kuhusu njia 14, mawili kwa kila njia: kupanga, kusali, kufanya mzaha, kujilaumu, kuomba msaada, hata pombe. Carver mwenyewe hakushauri kujumlisha yote kuwa alama moja, na ni sawa: utajumlishaje sala na chupa? Hata hivyo watu hujumlisha, wakachora na grafu. Kwa vikundi vyetu vingi, nadhani maswali ya dini yatapata alama za juu kwa karibu kila mtu, kwa hiyo hayatatenganisha yeyote na mwenzake.

Gharama kubwa haiko kwenye karatasi. Dodoso la Kiingereza lililotafsiriwa jioni moja na mpwa aliyemaliza kidato cha nne si dodoso lilelile. Panahitajika watafsiri wawili, mwingine wa kulirudisha kwenye Kiingereza bila kuona la awali, kisha watu wachache wa kulijaribu. Ndiyo maana wengine hukimbilia PHQ-9, maswali tisa ya sonona: ni bure, na la Kiswahili limeshajaribiwa Dar es Salaam na magharibi mwa Kenya. Ila linapima sonona, halimuulizi mtu kuhusu kuuguza. Na swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama siku hiyo hakuna wa kumpokea atakayesema anayo mawazo hayo, msiligawe.

Kikundi chenye fedha kidogo kichukue toleo la 2003 la dodoso la Robinson, kimwulize kila mmoja peke yake, kirudie baada ya miezi mitatu. Zikibaki fedha, ziende kwenye nauli ya mtu wa kumshikia zamu mchana mmoja yule mwenye alama za juu.