Pufya si ya wakimbiaji peke yao: Kwa nini soka husamehewa na riadha ikashukiwa

Oktoba 2025, Ruth Chepngetich wa Kenya alipigwa marufuku ya miaka 3. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshinda marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56 na kuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya saa 2 na dakika 10. Mkojo wake uliochukuliwa Machi 14, 2025 ulikutwa na haidroklorothiazidi, dawa ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu huimeza kila siku. Alijieleza kwamba alikuwa ametumia dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha (AIU) kilisema uzembe wa kiasi hicho ni sawa na kukusudia.

Februari 2021, Andre Onana, kipa wa Cameroon aliyekuwa katika klabu ya Ajax, alifungiwa miezi 12 na Shirikisho la Soka la Ulaya (UEFA), kisha Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikaipunguza hadi miezi 9. Mkojo wake ulikutwa na furosemidi, dawa iliyo katika kundi lilelile la kuongeza mkojo. Alieleza kwamba alimeza dawa ya mkewe kimakosa, na ikakubalika kwamba hakuwa na nia ya kudanganya.

Adhabu zilitofautiana kwa sababu za kisheria, na hilo halina ubishi. Kinachopaswa kutushughulisha ni namna sisi watazamaji tulivyozipokea habari hizo. Jina la Chepngetich lilipotangazwa, ulimwengu ulianza kuhoji kila rekodi ya Mkenya. Onana alirudi langoni, akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2023 akiwa na Inter Milan, akahamia Manchester United, na mashabiki wakamlaumu kwa mabao aliyofungwa tu. Hakuna aliyeuliza kama soka nzima imeoza.

Dawa zenyewe, yaani pufya, hazijui tofauti hiyo. Mwili wa mkimbiaji, wa mwendesha baiskeli na wa kiungo wa kati huzipokea kwa namna ileile.

Zinafanya nini mwilini?

Tuanze na EPO. Ni homoni inayotengenezwa na figo zetu wenyewe. Hewa ya oksijeni ikipungua, kama inavyokuwa Iten, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, figo huongeza EPO, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Seli hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 EPO ya maabara iliingia sokoni kuwasaidia wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Haikuchukua muda, wanamichezo wakaidaka.

Hatari yake iko palepale penye faida yake. Seli nyekundu zikizidi, damu huwa nzito. Moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi, na damu huweza kuganda ndani ya mishipa na kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo, hasa kwa mtu aliyepoteza maji mengi kwa jasho.

Kundi la pili ni steroidi za kujenga misuli, jamaa za testosteroni. Huongeza misuli na kumwezesha mtu kupona haraka baada ya mazoezi makali. Kwa upande mwingine, huharibu ini, hutanua moyo, na kwa wanaume hupunguza mbegu za uzazi na kusinyaza korodani. Wanawake huota ndevu na sauti zao huwa nzito, mabadiliko ambayo mengine hayarudi nyuma hata dawa ikiachwa.

Kundi la tatu ni hizi za kuongeza mkojo. Hazimpi mtu mbio. Zimepigwa marufuku kwa sababu huuongezea mkojo maji na hivyo kuzificha dawa nyingine. Kwa mkimbiaji wa marathoni zina balaa lake pia: hupunguza maji na madini ya potasiamu mwilini, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Wapenzi wa kandanda hupenda kusema kuwa mchezo wao ni wa ufundi, kwa hiyo pufya haina kazi. Ni kweli hakuna sindano inayofundisha chenga. Lakini mchezaji wa kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, tena kwa kuchomoka na kusimama, na huenda akacheza mechi nyingine baada ya siku 3. Anayepona haraka na mwenye pumzi dakika ya 85 ana faida kubwa. Paul Pogba, bingwa wa dunia wa mwaka 2018, alifungiwa miaka 4 kwa sababu ya testosteroni kabla ya CAS kupunguza adhabu hiyo hadi miezi 18, iliporidhika kwamba hakukusudia.

Mpimaji anapobisha hodi

Mwanariadha wa kiwango cha juu hutakiwa kutaja, kwa kila siku ya mwaka, mahali atakapokuwa kwa dakika 60 kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Akikosekana mara 3 ndani ya miezi 12, hufungiwa hata kama hajawahi kumeza kitu.

Mpimaji akifika, haruhusiwi kumwacha mwanamichezo atoke machoni pake. Chooni, mwanamichezo huinua fulana hadi kifuani na kushusha suruali hadi magotini, na mpimaji wa jinsia yake huangalia mkojo ukitoka mwilini. Kiasi kinachohitajika ni mililita 90. Mwanamichezo mwenyewe huchagua chupa zilizofungwa, humimina mkojo katika chupa A na chupa B, kisha huzifunga. Maabara hupokea namba tu, bila jina. Sampuli inaweza kuhifadhiwa hadi miaka 10 ili ipimwe upya sayansi ikisonga mbele.

Damu nayo ina pasipoti yake. Badala ya kutafuta dawa yenyewe, ambayo huweza kutoweka mwilini ndani ya siku chache, wataalamu hufuatilia vipimo vya mtu mmoja kwa miaka. Aliyechomwa EPO huonyesha seli changa nyingi kupita kawaida yake. Akiacha, uboho hupumzika: damu inabaki na himoglobini nyingi lakini seli changa zinakuwa chache mno. Dawa imeshaondoka, nyayo zimebaki. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilianza kutumia pasipoti hii mwaka 2008, na riadha ikafuata.

Pasipoti huhitaji sampuli nyingi za mtu yuleyule, zichukuliwe hata wakati wa mapumziko. Katika soka, upimaji kwa kawaida umekuwa wa baada ya mechi, kwa wachezaji wachache wanaochaguliwa kwa kura. Mtu anaweza kupita msimu bila kuguswa.

Anayetafuta ndiye apataye

Baiskeli ndiyo yenye jina baya kuliko michezo yote, na limetokana na matukio ya kweli. Tom Simpson wa Uingereza alianguka na kufa kwenye mlima Ventoux, Ufaransa, Julai 1967, akiwa na amfetamini mwilini, dawa inayoficha uchovu hadi mtu avuke mpaka wa uhai. Mwaka 1998, gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likiwa limesheheni EPO na dawa nyingine. Mwaka 2012 Lance Armstrong alipokonywa mataji yake 7 ya Tour de France.

Tazama jinsi walivyokamatwa. Festina walinaswa na maofisa wa forodha. Armstrong aliangushwa na ushahidi wa wenzake baada ya miaka mingi ya kujivunia kwamba kila mara vipimo vilimsafisha. Nchini Hispania, daktari Eufemiano Fuentes, ambaye mifuko yake ya damu ilikamatwa mwaka 2006, aliiambia mahakama mwaka 2013 kwamba aliwahudumia pia wacheza soka, tenisi na ndondi. Majina yaliyojulikana sana yalikuwa ya waendesha baiskeli.

Vipimo peke yake huonyesha kidogo sana. Katika mashindano ya dunia ya riadha ya Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011, watafiti waliwahoji wanariadha kwa njia ya siri. Kila mmoja alifikiria tarehe ya kuzaliwa ya mtu wake wa karibu. Ikiwa ni kati ya tarehe 1 na 10, alijibu swali la kawaida kuhusu siku hiyo. Ikiwa ni 11 hadi 31, alijibu kama amevunja kwa makusudi kanuni za dawa katika mwaka uliopita. Aliandika ndiyo au hapana tu, na hakuna aliyeweza kujua amejibu swali lipi. Hesabu ikatoa makadirio ya takriban asilimia 44 waliovunja kanuni. Vipimo vya maabara vilikamata asilimia 0.5.

Kwa hiyo mchezo wenye majina mengi ya waliofungiwa unaweza kuwa ule unaotafuta kwa bidii, na ukimya wa mchezo mwingine si cheti cha usafi.

Kosa moja, mizani tofauti

Chini ya kanuni za Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA), lililoanzishwa mwaka 1999, anayetumia steroidi kwa makusudi hufungiwa miaka 4. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani humfungia mkosaji wa mara ya kwanza mechi 80, nusu ya msimu. Futiboli ya Marekani humfungia mechi 6 kati ya 17. Ligi hizo hujitungia kanuni kwa makubaliano na vyama vya wachezaji. Mkimbiaji hupoteza ujana wake wote wa michezo, mwenzake akirudi uwanjani kabla ya msimu kwisha.

Hayo yote hayaifutii Kenya deni lake. Zaidi ya wanariadha 100 wa Kenya wamefungiwa, akiwemo Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki wa marathoni wa mwaka 2016, na Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara 3 wa mita 1,500. Mwaka 2022 serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka 5 ili kuepuka nchi nzima kufungiwa. Umaskini, mawakala wenye tamaa na wauzaji dawa wasiouliza cheti cha daktari ni tatizo la kwetu, na ni letu kulitatua.

Kijana anayeanza mazoezi, usipokee sindano wala kidonge kabla ya kumwambia daktari kwamba wewe ni mwanamichezo anayepimwa. Usimeze dawa ya mtu mwingine, hata ya mkeo au mumeo. Orodha mpya ya dawa zilizokatazwa huanza kutumika kila Januari, na anayeumwa kweli anaweza kuomba kibali cha matibabu. Viongozi wa soka nao wawapime wachezaji wao mwaka mzima kama wakimbiaji wanavyopimwa. Na sisi mashabiki tuache kuwahukumu wanamichezo kwa aina ya mchezo wao. Kinachofaa kuulizwa kwa kila mchezo ni kimoja: nani anawapima, mara ngapi, na akiwakuta na hatia huwafanya nini?