Korea: Ndugu wawili walioitungua Italia, lakini hawatembeleani

JUNI 18, 2002, Korea Kusini ikijiandaa kuivaa Italia hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia pale Daejeon, mashabiki wao wenye jezi nyekundu waliinua kadi jukwaani zikaunda maandishi makubwa ya kuomba mwaka 1966 ujirudie.

Kumbe 1966 haikuwa yao. Walioitungua Italia 1-0 mwaka huo mjini Middlesbrough, Uingereza, kwa bao la Pak Doo-ik, ni Korea Kaskazini. Ndiyo nchi ambayo Kusini ilipigana nayo vita 1950 hadi 1953, na hadi leo hakuna mkataba wa amani uliosainiwa. Hao hao waliongoza 3-0 dhidi ya Ureno robo fainali, kabla mzaliwa wa Msumbiji, Eusebio, hajawatwanga manne peke yake. Ikaisha 5-3.

Mashabiki wa Kusini hawakujali. Ushindi wa ndugu ni ushindi. Dakika ya 117 Ahn Jung-hwan akapiga kichwa, bao la dhahabu, 2-1, Italia nje.

Rasi ya Korea, iliyojaa milima, ilikuwa nchi moja kwa karne nyingi, hadi Japani ilipoitawala kwa mabavu 1910 hadi 1945. Chini ya Wajapani hao hao, 1929, ndipo ilipoanza dabi ya Seoul na Pyongyang. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Wamarekani wakashika kusini na Wasovieti kaskazini, mpaka ukawekwa latitudo ya 38. Dabi ya 1946 ikawa ya mwisho.

Lakini watu ni wale wale. Lugha moja, kimchi ile ile ya kabichi na pilipili, akina Kim wamejaa pande zote. Tambi baridi za Pyongyang zinagombewa hadi migahawa ya Seoul.

Mwaka 1991 waliungana kabisa. Kombe la Dunia la Vijana nchini Ureno walienda timu moja, bendera nyeupe yenye ramani ya rasi kwa bluu, na wimbo wa asili wa Arirang ukapigwa badala ya nyimbo za Taifa. Wakaichapa Argentina 1-0, kisha Brazil ikawazima robo fainali kwa 5-1.

Baada ya hapo ni vituko. 2008 Kaskazini iligoma wimbo na bendera ya Kusini visionekane Pyongyang, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ikahamishiwa Shanghai, China.

Oktoba 15, 2019, Son Heung-min na wenzake wakaenda kweli. Kutoka Seoul ni kama kilomita 200 tu, ila ilibidi wazungukie Beijing. Wakakuta Uwanja wa Kim Il Sung mtupu. Hakuna shabiki, hakuna matangazo ya moja kwa moja, hakuna mwandishi hata mmoja kutoka Kusini. Mchezo ulikuwa wa undava, 0-0, na Son akasema kurudi bila majeraha ni bahati tosha.

2021 Kaskazini ikajitoa kwa hofu ya corona, matokeo yake yote yakafutwa. Hata sare ile haimo tena kwenye msimamo wa kundi.