Mali bila daftari: jinsi ya kumchagua mhasibu wa duka lako hapa Bondeni

Kila mwaka mwezi wa Juni ukielekea kwisha, saiba za Bondeni hujaa. Mwenye duka la leso, fundi wa kanzu, mama wa mahamri na kijana anayetengeneza simu, wote wako kwenye foleni moja, kitambulisho mkononi, wangojea kujaziwa ritani ya KRA kabla ya tarehe 30. Kijana wa saiba huuliza PIN, hubonyeza mara mbili tatu, hutoa karatasi, hupokea chake na kuita, "Haya, mwengine!" Karatasi hiyo mara nyingi imejazwa sufuri: hakuna mapato.

Sasa rudi dukani ukafungue taarifa ya till yako. Je, nayo ni sufuri?

Hapo ndipo shida ianzapo. Ritani ile ina PIN yako, si ya kijana wa saiba. Ikija barua ya kuulizwa, yaja kwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata ikiwa daftari lipo, mali yaweza kupotea kwa sababu aliyeshika daftari siye.

Wateja wetu hutuuliza sana: nitampata wapi mhasibu mzuri, tena nisiyeshindwa kumlipa? Basi tulizungumze.

Kwanza, wamtaka nani hasa?

Neno "mhasibu" twalitumia kwa watu wanne tofauti, na kila mmoja ana kazi yake na bei yake.

*Mtunza daftari.* Huyu huandika kilichoingia na kilichotoka kila siku, na kuweka risiti mahali pamoja. Si lazima awe na cheti kikubwa. Aweza kuwa wewe mwenyewe, au bintiyo aliyemaliza kidato cha nne na ana mkono mtulivu.

*Mhasibu.* Huyu amefaulu mitihani ya CPA inayotolewa na KASNEB, na amesajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu inayosimamiwa na Sheria ya Wahasibu ya 2008. Yeye ndiye hulichukua daftari akakuambia: mwezi huu umepata faida hii, wadaiwa hiki, na bidhaa ile yakula pesa bure.

*Wakala wa kodi.* Huyu amepewa leseni na KRA kushughulikia kodi za watu wengine.

*Mkaguzi.* Huyu hukagua hesabu zilizotengenezwa na mwengine na kuzitolea ripoti. Duka la mtu mmoja kwa kawaida halimhitaji. Ukifungua kampuni, au mkopeshaji akitaka hesabu zilizokaguliwa, ndipo utamtafuta.

Mtu mmoja aweza kuvaa kofia mbili au tatu kati ya hizo. Kijana wa saiba hana hata moja. Yeye ni mchapaji mzuri: huandika ulichomwambia, na usipomwambia kitu huandika sufuri.

Kwa maduka mengi ya mtaani kwetu, mpango unaotosha ni huu: mtunza daftari wa kila siku ndani ya nyumba, na mhasibu wa nje anayekuja mara moja kwa mwezi. Kumlipa CPA aje akupangie risiti ni kama kumwita daktari aje akupimie joto.

Kwa nini isiwe mtu yeyote tu

Tuchukue mfano. Duka lauza vitu vya shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.4 kwa mwaka. Kwa Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ghafi, ile iitwayo TOT, ya asilimia 3. Hulipwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapa ni shilingi 6,000. Haiangalii gharama, yaangalia mauzo tu.

Sasa tazama maduka mawili yenye mauzo hayo hayo.

La kwanza ni la rejareja: mchele, sukari, mafuta. Ukitoa bidhaa, kodi ya duka, stima na msaidizi, yabaki 20,000. TOT yachukua 6,000, karibu thuluthi ya faida. Sheria yamruhusu mwenye duka kumwandikia Kamishna kwamba hataki TOT, alipe kodi ya kawaida inayoangalia faida. Kwa viwango vya sheria hiyo hiyo, faida ya 20,000 kwa mwezi yatozwa asilimia 10, yaani 2,000, na nafuu ya kila mlipa kodi ni 2,400. Basi kodi yake ni sufuri, na hii ni sufuri ya haki.

Lakini ngoja. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi, isipokuwa machache yaliyotajwa na sheria. Tuseme ananunua bidhaa za 100,000 bila ankara yoyote. KRA yaweza kuzikataa gharama hizo na kuhesabu kwamba faida yake ni 120,000. Kodi yapanda hadi zaidi ya 28,000 kwa mwezi, na faida yake halisi ni 20,000. Hapo angemshukuru aliyemwacha kwenye TOT.

Duka la pili ni la fundi wa kanzu na mabuibui. Kazi kubwa ni mikono yake, kwa hivyo katika 200,000 hubaki na 90,000. Kwa kodi ya kawaida angelipa zaidi ya 19,000 kwa mwezi. Kwa TOT ni 6,000 ile ile. Huyu akishauriwa kutoka kwenye TOT, ameshauriwa vibaya.

Mauzo sawa, mtaa mmoja, majibu mbalimbali. Mhasibu mzuri hatoi jibu kabla ya kuuliza faida yako ni kiasi gani na risiti zako ziko wapi. Anayetoa jibu moja kwa kila mtu hajakufanyia hesabu.

Taarifa ya till si hesabu

Hapa twazungumza kama kampuni ya malipo. Taarifa ya till yaonyesha pesa zilizoingia. Haijui zimeingia kwa sababu gani.

Shemeji amekutumia mchango wa harusi kupitia till kwa sababu ndiyo nambari aliyoiona. Chama kimekurudishia pesa zako. Mteja amelipa 3,000 badala ya 300 na umemrudishia mkononi. Zote ziko kwenye taarifa, na kwa macho ya mgeni zote ni mauzo. Upande wa pili, yale uliyouza kwa pesa taslimu hayamo kabisa.

Mhasibu mbaya hujumlisha tu taarifa ya till na kuiita mauzo. Utalipia kodi mchango wa harusi. Mhasibu mzuri hukaa nawe mstari kwa mstari na kuuliza, "Hii ni nini?" Mrahisishie kazi: acha till iwe ya mauzo pekee, na mambo ya nyumbani yapite kwenye nambari yako binafsi. Kila jioni andika pesa taslimu ulizouza. Pakua taarifa kila mwisho wa mwezi, uihifadhi. Sheria yataka kumbukumbu za biashara zikae miaka 5.

Mhakiki kabla hujampa kazi

Bondeni mtu hupata fundi kwa kuuliza jirani, na mhasibu pia ni hivyo. Waulize wenye maduka wanaofanana na wewe, kutoka Makadara hadi Kibokoni, nani awashikia hesabu na wamekaa naye muda gani. Lakini sifa ya jirani ni mlango tu. Ukishaingia, hakiki:

1. Akisema yeye ni CPA, muombe nambari yake ya uanachama. Tovuti ya ICPAK yakuwezesha kutafuta jina na kuona kama usajili wake uko hai.
2. Akisema ni wakala wa kodi, hakiki kwa KRA. Kama mtandao wakusumbua, nenda dawati la KRA pale Huduma Centre, jengo la Posta, Barabara ya Digo.
3. Omba kuzungumza na wateja wake wawili. Waulize: amewahi kuchelewesha ritani? Akikosea, alikuambia mwenyewe au uligundua?

Mtu mwaminifu haoni haya kuulizwa hivi. Anayekasirika, muage kwa heshima.

Maswali ya kumuuliza siku ya kwanza

*"Je, nafaa kuwa kwenye TOT?"* Umeshajua jibu zuri lianzavyo: kwa swali.

*"Nitajuaje nikikaribia VAT?"* Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, wastani wa takriban 417,000 kwa mwezi, ni lazima kujisajili kwa VAT ikiwa bidhaa zako zatozwa kodi hiyo, hata kama bado uko chini ya milioni 25 za TOT. Mwezi wa Ramadhani waweza kukusukuma haraka kuliko ulivyotarajia. Mtu wako aonye mapema, si baada ya kuvuka.

*"Utanifundisha eTIMS?"* Kwa duka dogo ankara hutolewa hata kwa simu ya kawaida, kwa kubonyeza *222#. Atakayekuwa dukani kila siku ni wewe, si yeye.

*"Utanisaidia kuhesabu bidhaa zilizobaki?"* Bila hesabu ya bidhaa hakuna faida ya kweli. Na kwa mfanyabiashara Mwislamu hesabu hii ina kazi ya pili: zaka ya asilimia 2.5 huangalia thamani ya bidhaa na pesa ulizo nazo mwaka wa Kiislamu ukitimia, wala si mauzo. Hukumu zake muulize sheikh wako. Tarakimu zatoka kwenye daftari lile lile.

*"Kila mwezi utanipa nini mkononi?"* Jibu liwe kitu chenye kushikika: ukurasa mmoja wa mauzo, gharama, faida na madeni, pamoja na risiti ya kila ritani iliyowasilishwa.

Funguo usizompa mtu

Sehemu hii isome mara mbili.

*Baruapepe ya iTax iwe yako.* Wengi walifunguliwa PIN saiba, na baruapepe iliyowekwa ni ya saiba. Barua za KRA zaenda huko, na neno la siri jipya pia latumwa huko. Kama ndivyo ulivyo, nenda Huduma Centre na kitambulisho chako wakubadilishie, kabla hata ya kutafuta mhasibu.

*Neno la siri usitoe.* iTax ina njia ya mlipa kodi kumteua wakala mwenye leseni. Afanye kazi kwa jina lake, nawe uweze kumuondoa mkiachana.

*Pesa za kodi lipa mwenyewe.* Mhasibu akupe nambari ya malipo ya KRA, ile PRN. Wewe walipa kupitia Paybill 222222, na PRN ndiyo nambari ya akaunti. Ujumbe wa malipo wabaki kwenye simu yako. Akikuambia "nitumie kwa nambari yangu nitakulipia," kataa, hata awe mwana wa ami yako. Pesa zikipotea hapo, KRA bado yakudai wewe, pamoja na faini na riba.

*PIN ya till na ya simu ni yako peke yako.* Mhasibu ahitaji taarifa, hahitaji uwezo wa kutoa pesa. Hata sisi hatutakuuliza PIN yako.

Malipo na maandishi

Kubalianeni kwa maandishi, hata ukurasa mmoja wa Kiswahili: kazi gani, kila lini, kwa kiasi gani, na nani alipa faini ritani ikichelewa kwa kosa lake. Andikeni pia kwamba mkiachana, daftari na nakala zote zarudi kwako.

Epuka anayetaka asilimia ya kodi "aliyokupunguzia." Kadiri aandikavyo uongo ndivyo apatavyo zaidi, na PIN ni yako. Epuka pia mwenye bei ya chini kuliko wote asiyetaka kuona risiti hata moja. Huyo hakutofautiana na foleni ya saiba, ila ana kiti kizuri zaidi.

Anza wiki hii

Usingoje Juni. Leo ingia iTax uone baruapepe iliyoko ni ya nani. Kesho nunua daftari na bahasha ya risiti. Ijumaa pakua taarifa ya till ya miezi mitatu na utie alama kila kisichokuwa mauzo. Ukienda kwa mhasibu na vitu hivyo vitatu, atajua amekutana na mtu anayejua duka lake, nawe utajua upesi kama anafaa kukaa kwenye hesabu zako.