Kuku wako ameacha kutaga? Kabla ya kulaumu jicho la jirani, angalia unachomlisha

Umefungua banda asubuhi pale Ukunda ukiwa na hesabu ya trei moja kichwani. Unakuta mayai manne. Kuku mmoja amejikunyata pembeni, macho yanatoa machozi, kope zimegandana. Jirani mmoja anasema ni mdondo. Mwingine ananong'ona kuhusu jicho la hasidi. Wewe unawaza tu hasara.

Tulia kwanza. Kuna swali ambalo wengi wanaofuga kuku mjini ili wapate pesa ya ziada hawajiulizi: hawa kuku wanakula nini?

Labda jibu lako ni mahindi meupe, pumba, ukoko wa ugali na wali uliobaki hotelini. Wanashiba, ni kweli. Lakini mahindi meupe hayana karotini ya kutosha, na wali ndio hauna kabisa. Karotini ni ile rangi ya njano ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A. Mahindi ya njano, yale tunayoyadharau kwenye ugali, yanayo.

Kazi ya vitamini A si macho peke yake. Ndiyo inayotunza utando laini wa mdomoni, kooni, puani na kwenye mfuko wa mayai. Ikikosekana, utando huo hukauka na kuwa mgumu, na vijidudu hupata njia. Ndipo unapoona uchafu mweupe kama jibini chini ya kope, vipele vyeupe mdomoni na kooni, na mayai yanapungua siku baada ya siku.

Mbuzi na ng'ombe nao hawajaachwa nje. Ukitoka Diani ukapanda juu hadi Kinango, unaingia nchi kavu. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mbavu za ng'ombe kila mtu aliziona. Kisichoonekana ni kwamba nyasi zikikaushwa na jua hupoteza karotini, kwa hivyo mnyama anaweza kujaza tumbo na bado akapungukiwa.

Hapo anaanza kula akiba yake, iliyo ndani ya ini. Wazee wetu wa pwani walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Basi maini ya samaki ndiyo yaliyosakwa duniani kwa ajili ya vitamini A kabla haijaanza kutengenezwa viwandani miaka ya 1940.

Akiba ya ng'ombe aliyewahi kula majani mabichi hudumu miezi kadhaa. Ikiisha, utamwona akijigonga kwenye miti jioni kwa sababu haoni gizani. Mwenye mimba anaweza kuharibu, au azae ndama dhaifu au kipofu. Ndama naye huzaliwa na akiba ndogo sana, ndiyo maana usimnyime dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama yake.

Habari njema ni kwamba dawa iko sokoni na ni bei ya mchuuzi. Okota mchicha, sukuma wiki na majani ya viazi vitamu yaliyobaki jioni. Mlonge ukiwa uani, umebarikiwa. Funga fungu la majani kwa kamba, litundike bandani, waache wadonoe. Ukitaka kuyakausha, yaanike kivulini, si juani. Papai bivu pia ni zuri. Kisamvu kibichi achana nacho, kina sumu.

Kama unanunua chakula cha kiwandani, tayari kimetiwa vitamini. Lakini vitamini A huharibika kwa joto, mwanga na kukaa muda mrefu. Gunia lililolala miezi chini ya bati kwenye joto letu la pwani linaweza kuwa jina tu. Soma tarehe kabla hujalipa.

Na usidanganywe na kiini cha njano iliyokolea. Rangi hiyo hutoka hasa kwa rangi nyingine za mimea. Inakuonyesha kuku amekula majani au mahindi ya njano, lakini si kipimo cha vitamini A.

Mawili ya mwisho. Kwanza, mafua ya kuku, ndui na mdondo pia huharibu macho. Wakianza kuumwa wengi kwa pamoja, mwite daktari wa mifugo, usibahatishe. Pili, usimimine unga wa vitamini kwa pupa. Vitamini A ikizidi haitoki na mkojo, hurundikana kwenye ini na kuwa sumu. Fuata kipimo kilichoandikwa.

Leo jioni ukipita sokoni, kabla majani yaliyonyauka hayajatupwa, omba fungu moja. Huenda kesho kutwa usione tofauti. Lakini endelea, uangalie trei yako baada ya wiki chache.