Seramiki Haizuii Kokoto

Swali ni lilelile, linabadilika gari tu: "Nimeshalipaka gari seramiki ya 9H, filamu ya kulinda rangi ya nini tena?" Aliyeuliza safari hii ana Harrier nyeupe inayokwenda Dodoma na kurudi Dar es Salaam karibu kila mwezi, na jibu lilikuwa mbele ya macho yake, kwenye ukingo wa boneti. Fundi rangi alilaza mwanga wa tochi juu ya bati, vidoa vikajitokeza kimoja baada ya kingine. Kimojawapo, kisichozidi punje ya mchele, kilionyesha tabaka zote: klia iliyomeguka, pete nyembamba ya rangi nyeupe, kijivu cha praima, na katikati nukta ya kahawia. Nukta hiyo ni kutu. Seramiki ilikuwepo, tena imepakwa vizuri, maji yalikuwa bado yanateleza juu yake. Kokoto ilipenya kana kwamba hakuna kitu.

Hiyo 9H ndiyo inayouza, na ndiyo inayodanganya. Wanunuzi wengi huambiwa, au huachwa waamini, kwamba ni 9 ya kipimo cha Mohs, kile cha mwaka 1812 kinachopanga madini kwa ugumu, talki ikiwa 1 na almasi 10. Kwenye kipimo hicho 9 ni korundi, madini yaleyale ya rubi inayochimbwa Longido. Gari haliwezi kupata ngozi ya rubi kutoka kwenye kichupa cha maji. H ya 9H ni ya penseli. Penseli za kuchorea hupangwa kwa ugumu, laini zikiwa na herufi B na ngumu herufi H. Mpimaji huinamisha penseli nyuzi 45, huisukuma juu ya rangi iliyokauka chini ya uzito wa gramu 750, kisha hutazama kama imechimba. Ikisemwa 9H, maana yake penseli ya daraja hilo haikuacha mchubuko. Kiini cha penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kokoto ya graniti ina kwatzi, ambayo kwa Mohs ni 7, na haisukumwi taratibu na mkono wa mpimaji.

Hata kama ugumu huo ungekuwa wa kweli, usingesaidia. Kioo cha mbele ni kigumu kuliko rangi yoyote ya gari, na kila dereva wa safari ndefu anajua kokoto moja inavyokifanya. Ugumu huzuia mikwaruzo. Pigo ni jambo lingine: linahitaji kitu chenye unene na kinachobonyea, kisambaze nguvu kabla haijafika kwenye rangi. Na nguvu yenyewe haipandi kidogokidogo. Mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, pigo la kokoto iliyorushwa mbele ya gari huwa na nguvu mara nne.

Sasa unene. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ni kati ya maikroni 100 na 150. Seramiki iliyokauka ni maikroni moja au mbili, pengine tatu. Filamu ya kulinda rangi, ile ya poliurethani, ni maikroni 150 hadi 200, yaani nene kuliko rangi yote inayoifunika. Anayesema seramiki na filamu ni kitu kimoja chenye bei mbili ama hajawahi kushika vyote viwili, ama anazo chupa za kumaliza.

Seramiki ina kazi yake, na inaifanya vizuri. Matope hayagandi, kinyesi cha ndege hakili rangi haraka, kuosha kunakuwa kwepesi. Anayeitaka kwa hayo anunue bila wasiwasi. Akiinunua ili imkinge na kokoto za barabara inayotengenezwa, ametupa hela, na aliyemuuzia alijua.

Ukiisha kukubali kwamba adui ni pigo, swali la wapi pa kubandika linajijibu kwa sehemu kubwa. Filamu hizi zilianza jeshini: Marekani ilizitumia kwenye helikopta wakati wa vita vya Vietnam, na zilibandikwa kwenye ukingo wa mbele wa mapanga, unaokata hewa na kupigwa na mchanga. Helikopta haikufungwa nzima. Gari nalo lina ukingo wake wa mbele, na anayeshauri kila mteja afunike gari zima hadi paa anauza mita za filamu tu. Paa halipigwi na kokoto. Buti vilevile.

Kinachoumia ni bampa la mbele, ukingo wa boneti, madigadi ya mbele, vioo vya pembeni, nguzo za kioo cha mbele, na sehemu za chini ya milango zinazopigwa na tairi za gari lenyewe. Kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, lori linalokuja hupita upande wa dereva, hivyo kioo cha kulia na digadi lake havifai kuachwa. Upande wa kushoto una taabu yake: ukishuka pembeni kupisha basi, tairi zako zinachota changarawe na kuitupa nyuma, kwenye sehemu za chini ya milango na mbele ya tairi la nyuma.

Hela zikiwa haba, wengi hukimbilia bampa kwa sababu ndilo lenye vidoa vingi. Hilo ni kosa la mpangilio. Bampa ni plastiki, halishiki kutu, na kulipiga rangi upya ni kazi ya kawaida. Boneti za magari mengi ni bati la chuma. Kwa gari linalolala Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, kidoa kilichofika kwenye chuma kinakutana na chumvi ya bahari siku hiyohiyo. Tena rangi kama nyeupe ya lulu ya Toyota, namba 070, ina tabaka tatu, na ni fundi mzuri tu anayeweza kupiga boneti peke yake isionekane tofauti na milango. Chuma kwanza, plastiki baadaye.

Yaliyobaki ni mafupi. Gari la safari: boneti yote, madigadi, vioo, chini ya milango, kisha bampa. Gari la mjini tu: kingo za milango, vikombe vya vishikio vinavyochubuliwa na pete na kucha, pembe za bampa, na ukingo wa buti pale mizigo inapoburuzwa; basi. Taa za mbele zibandikwe filamu isiyo na tinti. Nusu ya boneti inaruhusiwa, ila mstari wake utashika vumbi na utaonekana. Rangi mpya isubiri angalau mwezi. Paneli iliyowahi kupigwa rangi kienyeji ipimwe kwanza, maana filamu ikibanduliwa inaweza kuondoka nayo. Filamu itangulie, seramiki ije juu yake kama bado unaitaka. Ikatwe kwa mashine, isikatwe kwa wembe juu ya bodi. Pampu ya kuoshea isielekezwe kwenye kingo.

Na jihadhari na PVC inayouzwa kwa jina la poliurethani. Jua letu huifanya njano na ngumu. Omba kipande, kivute, kikwaruze kidogo kwa brashi, kisha kimwagie maji ya moto. Poliurethani nzuri inanyumbulika na kurudi, na mikwaruzo myepesi inafutika. PVC inabaki na alama zake. Kabla ya kutoa hela, mtake muuzaji aandike kwenye risiti aina ya filamu, unene wake kwa maikroni na kila sehemu atakayobandika. Akikataa kuandika, ondoka na gari lako.