Kabla hujamnunulia mtoto prosesa ya kompyuta ya gemu, jua kwanza mazabodi aliyonayo

Mama alipokea hela yake ya mchezo Jumamosi. Kufikia Jumatatu, sehemu nzuri ya hela hiyo ilikuwa imegeuka kidude kinachoenea kwenye kiganja.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa ameomba kwa miezi mitatu, kwa sababu kompyuta yake ya gemu ilikuwa inakwamakwama kila akicheza na wenzake mtandaoni. Alijua anachotaka: prosesa inayoitwa Ryzen 5 7600, ambayo watu anaowatazama YouTube wanaisifu. Akaahidi matokeo mazuri, Mama akakubali, tukanunua. Usiku huo akafungua kompyuta, akatoa prosesa ya zamani, akaishika mpya juu ya mahali pake, akanyamaza.

"Dada, hii haina miguu."

Kesho yake dukani tukaambiwa mali ikishafunguliwa hairudi. Mama, ambaye hajawahi kucheza gemu hata ya kwenye simu, ndiye aliyeelewa haraka kuliko sote. "Kwa hiyo hiki kidude kina nyumba yake?"

Ndiyo, kina nyumba yake, na sisi hatukuwa nayo.

Mimi kazi yangu ni habari za afya. Nimezoea kuwauliza wataalamu maswali ya kijinga mpaka nielewe, kwa hiyo wiki iliyofuata niliketi na mafundi wa Kariakoo. Niliyojifunza yangetuokolea pesa.

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu za kompyuta. Mazabodi ni ule ubao mkubwa ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Prosesa hukaa kwenye soketi, na soketi haibadiliki kwa kulazimisha. Ryzen za tangu 2017 hadi mfululizo wa 5000 nyingi hutumia soketi ya AM4, na zina vijiti vidogo kwa chini, ile "miguu" aliyoitafuta mdogo wangu. Mfululizo wa 7000, uliotoka 2022, unatumia AM5, na huko vijiti viko kwenye mazabodi. AM5 pia inakubali RAM ya DDR5 tu, wakati AM4 ni DDR4. Maana yake, prosesa tuliyonunua ilikuwa inadai mazabodi mpya, na mazabodi hiyo ilikuwa inadai RAM mpya. Mtoto anapokuja na jina la kitu kimoja, muulize kinakuja na nani.

Upande wa Intel ni vilevile. Kizazi cha 12, 13 na 14 hukaa kwenye soketi ya LGA1700, lakini mazabodi zake nyingine ni za DDR4 na nyingine za DDR5, kwa hiyo soketi kufanana hakutoshi. Ukiuziwa iliyotumika ya kizazi cha 13 au 14, hasa zile za nguvu kubwa, uwe mwangalifu zaidi: baadhi zilikuwa na hitilafu ya umeme iliyozidhoofisha. Intel ilitoa marekebisho Agosti 2024, ila marekebisho hayaponyi iliyokwisha kuharibika.

Swali tulilopaswa kuanza nalo ni kama prosesa ndiyo mgonjwa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uache ukurasa huo wazi wakati mtoto anacheza. Kama kadi ya picha inafanya kazi karibu asilimia 100 muda wote, prosesa mpya haitamsaidia sana. Kwetu ilikuwa kinyume: kadi ilikuwa imepumzika na prosesa inahema. Ilikuwa Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017, na hata Windows 11 haiitambui. Windows 10 nayo iliacha kupewa huduma ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na haki ya kuomba, ila aliomba kitu kisicho chake.

Kujua mazabodi uliyonayo hakuhitaji bisibisi. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, kisha tafuta mstari wa BaseBoard Product. Ukishapata jina, nenda kwenye tovuti ya watengenezaji wake. Huwa wanaorodhesha kila prosesa ambayo ubao huo unaikubali. Yetu ni ya B450, na kwenye orodha ilikuwepo Ryzen 5 5600: soketi ileile, RAM ileile, wati 65 kama ile ya zamani, hivyo hata pawa saplai na feni vingebaki.

Tuliuza ile 7600 kwa hasara ya elfu themanini, tukanunua 5600 iliyotumika. Kama ungekuwa unaanza kununua kila kitu upya ningekwambia ufikirie AM5, maana ndiyo yenye miaka mbele yake. Kama tayari una AM4 nyumbani, baki hapo. Na kama kompyuta ni zile za ofisini zilizotumika, za Dell au HP, usikimbilie kubadili mazabodi. Nyingi zina maumbo na plagi za kwao wenyewe.

Kilichobaki kilinitoa jasho. Ubao wa B450 wa siku nyingi hauitambui 5600 mpaka usasishe bayosi, ile programu ndogo inayokaa ndani yake, tena ukiwa bado na prosesa ya zamani. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa pale pale. Mtaani kwetu umeme hauna adabu. Tukaazima UPS kwa jirani mwenye stesheneri, tukasubiri watu walale wasije wakagusa swichi, mdogo wangu akachomeka flashi. Dakika zile chache nilishika kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Iliwaka. Gemu haikwami.

Mama alikuwa na masharti yake: kompyuta ikae sebuleni, na saa mbili na nusu usiku izimwe. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, na kijana wa umri wake anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Hesabu hiyo haihitaji prosesa. Hadi sasa amechelewa kuzima mara mbili. Mara ya pili Mama alichomoa waya wa skrini, akaenda kulala nao.